Barua kwa mwanangu: Umetubu, mbona bado unajiona mchafu?

Busia, mwezi wa Julai

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umekesha kwenye maombi Ijumaa mbili hapo Kireka, umelia, mchungaji amekuwekea mikono na kukuambia damu ya Yesu imekusafisha. Halafu Jumatatu mama mmoja wa chama chenu cha akiba akakusalimia sokoni, ukashindwa kumtazama usoni. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kama Mungu amenisamehe kweli, mbona bado najiona mchafu?"

Imani hujapungukiwa, baba. Ulichofanya ni kuungama nusu. Zile shilingi 1,200,000 ambazo wanachama walikutumia kwa simu siku walizokosa mkutano, tangu Machi hadi Juni, hazikuingia sandukuni. Zilikwenda kwenye kubeti. Mungu anajua, mimi sasa najua, ila wenye pesa hawajui. Wanakuita mweka hazina, wanakushukuru, na kila shukrani inakuchoma. Mtu wa namna hiyo akijisikia msafi ndipo ningeogopa.

Tofautisha hatia na aibu, maana dawa zake si moja. Hatia ina mdai; aibu ina watazamaji. Hatia huisha mdai akisema "yamekwisha". Aibu haiishi hivyo, kwa sababu yenyewe huishi mafichoni, na mtu aliyejificha hata akisamehewa hasikii vizuri akiwa kule kichakani. Soma tena Mwanzo 3. Adamu na mkewe walishona majani ya mtini na kujificha kabla hata hawajaulizwa neno. Swali la kwanza la Mungu likawa "Uko wapi?" Na mwisho wa sura, mstari wa 21, Mungu hawaambii kwamba hawako uchi. Anawavika mavazi ya ngozi. Waliyojishonea wenyewe hayakufaa, na ya Mungu waliyapata baada ya kutoka mafichoni.

Upande wa hatia, neno liko wazi katika 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Angalia hayo maneno "wa haki". Msamaha hautoki kwa sababu umelia sana. Unatoka kwa sababu gharama ililipwa msalabani, na Mungu hadai deni moja mara mbili. Kwa hiyo usiendelee kukesha ukitafuta machozi mengi zaidi ya yale ya Ijumaa iliyopita. Lakini angalia pia neno "kuziungama". Kuungama ni kutaja. Kusema "Bwana nisamehe dhambi zangu zote" ni kusikitika kwa jumla, na masikitiko ya jumla hayamponyi mtu. Katika Zaburi 32 Daudi anasema mifupa yake ilichakaa aliponyamaza.

Sasa mambo ya kufanya, kwa utaratibu wake.

Kabla ya kurudi kwenye maombi, nunua daftari la kurasa 48. Nenda ofisi ya kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala ya miezi hiyo minne. Chora safu tatu: tarehe, jina la mwanachama, kiasi. Andika kila kilichoingia kwako na hakikufika sandukuni, hata 5,000 ya yule bibi wa nyanya. Usikadirie, na usikate jumla kuwa namba nzuri. Ikitoka 1,217,000, basi ndiyo hiyo. Kazi hii inauma kuliko kesha, na ndiyo maana watu wengi huiruka. Lakini dhambi isiyo na namba huvimba usiku: saa nane za usiku 1,200,000 huonekana milioni kumi, mchana huonekana laki tano.

Kisha mtafute mzee mmoja wa kanisa mwenye mdomo mzito, umsomee daftari hilo. Mmoja anatosha. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa, nayo haisemi tutangaze kipaza sauti kikiwaka. Nchi yetu ina historia ya jambo hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, na katika miaka iliyofuata uamsho wa Balokole, yaani "waliookoka", ulienea Uganda, Rwanda na nchi jirani. Walikiita "kutembea nuruni": watu waliungama mbele ya ndugu na kurudisha walivyoiba. Hapo walikuwa na nguvu kweli. Kasoro nayo ilikuwepo, kwamba wengine walieleza dhambi kwa undani usiohitajika, wakataja na majina ya watu ambao hawakuomba kutajwa. Kanuni ninayoiona ya haki ni hii: maungamo yaende pale dhambi ilipofika, yasizidi wala yasipungue. Pesa ni za chama, basi chama kisikie. Kwaya haihusiki. Ukurasa wako wa mtandao hauhusiki kabisa.

(Marafiki zako Wakatoliki wana kitubio, na padre hafungui mdomo nje. Ila hata yeye atakuambia urudishe cha watu. Hapo makanisa yetu hayagombani.)

Siku mbili kabla ya mkutano nenda nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, mzee wako akifuatana nawe. Usitume ujumbe wa simu. Mkononi uwe na daftari, na pesa ya kwanza iwe tayari. Maneno yawe machache: "Mama, kati ya Machi na Juni nilipokea 1,200,000 za wanachama, nikazitumia mimi mwenyewe. Hii hapa orodha. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu. Leo naleta 240,000, zilizobaki nitalipa hivi. Nimejiuzulu uweka hazina." Halafu nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Watu huharibu maungamo kwa sentensi zinazofuata. "Lakini" ikiingia, mengine yote yamefutika. "Shetani alinijaribu" inamhamishia mwingine mzigo. "Maisha ya Kampala ni magumu" utawaambia nini wao wanaouza nyanya humo humo Kampala? Na lile la "nawaomba mnisamehe sasa hivi, Biblia imeagiza" ni kuwawekea deni watu uliowaibia. Waache wakasirike. Wana haki. Pengine mmoja atataka jambo lifike kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, au polisi; ukiitwa, nenda. Daudi aliambiwa na Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na hapo hapo akaambiwa madhara yatakayomfuata, 2 Samweli 12. Kusamehewa ni kitu kimoja, kukwepa matokeo ni kingine.

Kuhusu kulipa, fungua Mambo ya Walawi 6. Aliyemdhulumu jirani yake anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, anampa mwenyewe, ndipo anakwenda kwa kuhani na kondoo wake. Mdai kwanza, madhabahu baadaye. Bwana Yesu naye katika Mathayo 5:24 anamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende akapatane na ndugu yake kwanza. Sehemu ya tano ya 1,200,000 ni 240,000. Jumla 1,440,000. Hiyo nyongeza hainunui msamaha; ni kwamba pesa zile zingekopeshwa ndani ya chama na kuzaa faida, na faida hiyo wameikosa kwa sababu yako. Zakayo alitoa mara nne, ila wewe usiahidi kama Zakayo halafu ulipe kama kinyonga. Toa 240,000 siku ya kwanza, kisha 300,000 kila mwisho wa mwezi, Agosti hadi Novemba, ili mgao wa Desemba uwakute wote na haki yao. Uza televisheni na ile spika kubwa. Kila malipo yaandikwe mbele ya watu wawili, wala usimpe mtu mmoja pembeni.

Mimi sitakulipia. Nikilipa mimi kimya kimya, sanduku litajaa na wewe utabaki mafichoni.

Usipeleke shilingi hata moja ya pesa hizo kanisani, hata ukiambiwa upande mbegu ya kuvunja laana ya umaskini. Pesa ya mama wa nyanya haigeuki kuwa sadaka yako. Na ukiambiwa kubeti kwako ni roho ya ukoo inayohitaji maombi ya siku saba, omba ukitaka, ila programu za kubeti zifute leo, na namba ya siri ya laini yako ya simu yenye pesa mpe mtu mwingine akushikie hadi Desemba. Pia kaa mbali na vile vibanda vya kubeti Jumamosi na Jumapili. Ukirudi kubeti ili "upate za kulipa", na najua wazo hilo limekwisha kukujia, kazi yote inaanza upya ikiwa na deni kubwa zaidi.

Nije kwa aibu yenyewe. Nadhani umejifananisha na Yuda, maana naye alishika mfuko, na Yohana 12:6 inamwita mwivi. Lakini mtazame vizuri. Yuda alijuta, akarudisha vile vipande thelathini, akasema "nalikosa". Wale makuhani wakamjibu ni shauri lake mwenyewe. Alipeleka maungamo kwa watu wasiojali, kisha akaenda zake peke yake. Petro alikana mara tatu akiwa kwenye moto wa makaa, Yohana 18:18. Yohana anautaja moto wa makaa tena katika 21:9, ufukweni, samaki na mkate vikiwa tayari. Pale penye harufu ile ile, mbele ya wenzake, Yesu akamuuliza mara tatu kama anampenda, wala hakumuuliza hata mara moja kwa nini alikana. Kisha akampa kazi. Naona aibu huponea pale: mbele ya nyuso, mahali panapofanana na pale ulipoanguka, na mtu anayekujua akiendelea kukupa kiti. Ndiyo maana mkutano wa chama utakufanyia kile ambacho kesha halikufanya, hata kama watakufokea.

Na usingoje "kujisikia vizuri" ndipo ukashiriki meza ya Bwana. Katika kanisa letu kila ibada ya meza ina mpangilio: tunaungama, kasisi anatangaza ondoleo, ndipo tunakwenda mbele. Hakuna sehemu ya kukaa nyuma wiki sita ukijiadhibu. Ukishazungumza na mwenyekiti na kuanza kulipa, nenda.

Baada ya hapo mashtaka yatarudi usiku, nakuambia mapema usije ukadhani umedanganywa. Yakirudi yaulize swali moja: unanidai tendo gani? Likitajwa tendo lenye jina na tarehe ambalo hujalishughulikia, amka uliandike daftarini, asubuhi ulitengeneze. Hiyo ni kazi ya Roho, naye hutaja mambo wazi. Lakini ikiwa ni sauti tu ya "wewe ni takataka, hutabadilika", isiyo na tendo wala njia ya kutokea, huyo ni mshitaki wa Ufunuo 12:10. Fungua daftari usome tarehe uliyoungama na malipo yaliyotiwa sahihi, kisha soma Warumi 8:1 kwa sauti, masikio yako yasikie. Usibishane naye zaidi ya hapo. Lala.

Jambo moja sitalipita haraka. Ukikosa usingizi na hamu ya kula wiki mbili mfululizo, au likakujia wazo la kufa, hilo usilifanyie kesha. Mwambie mzee wako siku hiyo hiyo, nipigie hata saa tisa usiku, na uende hospitali. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapo hapo Kampala kwa kazi hiyo. Daktari hashindani na msalaba.

Mkutano wenu ni Jumamosi saa nane mchana, si ndiyo? Basi taarifa ya simu uwe nayo Jumatano, Alhamisi uende kwa mwenyekiti. Nitakuwa na simu mkononi Jumamosi kuanzia saa kumi. Wakikufokea, uniambie walivyokufokea.

Mama yako