Mkaguzi wa Nyumba: Mtafute Wewe, Umlipe Wewe, na Uwepo Anapokagua

Ukiingia kwenye nyumba ya miaka 20 inayouzwa, ukakuta rangi imechakaa kila mahali isipokuwa ukuta mmoja unaonukia rangi mbichi, usianze kusifia usafi. Uliza ukuta ule ulikuwa na nini. Muuzaji atakuwa na jibu, dalali naye atakuwa na lake, na huenda yote mawili ni ya kweli. Ila hao wote wanapata chao nyumba ikiuzwa. Mkaguzi uliyemleta mwenyewe analipwa ununue usinunue, kwa hiyo hana haja ya kukuficha kitu.

Hapo ndipo pa kuanzia kumchagua. Asiwe ndugu wa muuzaji, asiwe mtu wa dalali, na asiwe fundi atakayekuambia, "Hili nitakurekebishia mimi." Mtu anayetafuta kazi ya ukarabati ataona ubovu hata pasipo na ubovu. Zipo nchi ambako wakaguzi wa nyumba wana leseni. Pasipo na utaratibu huo, mtafute mhandisi wa majengo au msimamizi wa ujenzi aliyezoea nyumba za aina na umri wa hiyo unayoitaka. Muulize kama anapanda juu ya dari au anaishia kuichungulia kutoka chini, kama anafungua mifuniko ya chemba za maji taka, anakuja na vipimo gani, na ripoti utaipata baada ya siku ngapi.

Kisha mwombe akuonyeshe ripoti ya zamani iliyofutwa majina. Hiyo inasema mengi kuliko maneno yake. Ukikuta "paa liko katika hali nzuri kwa ujumla", muage kwa heshima. Ripoti ya kueleweka husomeka hivi: doa la kahawia la sentimita 40 kwenye dari ya chumba cha nyuma, karibu na ukuta wa nje, bado lina unyevu, maji yanaingia pale bati linapokutana na ukuta, kwa sababu kipande cha kukinga maji kimeachia. Hapo una mahali, ukubwa, hali na chanzo, na picha pembeni. Chanzo ndicho unacholipia hasa. Doa hata wewe ungeliona.

Ukaguzi una wakati wake: mkishapatana bei, kabla hujafungwa na mkataba. Makubaliano yaandikwe kwamba ununuzi unategemea matokeo ya ukaguzi, zitajwe siku za kuufanya (7 hadi 14 zinatosha kwa nyumba nyingi), na ielezwe kwamba ukijitoa kwa sababu ya matokeo hayo unarudishiwa malipo yako ya awali. Bila kifungu hicho ripoti itakueleza tu ukubwa wa hasara uliyokwisha kuinunua. Muuzaji akikataa katakata nyumba isikaguliwe, huo nao ni ukaguzi tosha.

Siku yenyewe inahitaji maandalizi, na wengi hupoteza fedha hapa. Umeme na maji viwe vinafanya kazi. Funguo za vyumba vyote ziwepo, pamoja na stoo ambayo eti funguo wake umepotea. Makabati yaliyosimama kwenye kuta za nje yasogezwe, mlango wa kupandia darini usizibwe na mizigo. Kama nyumba imekaa muda mrefu maji yamefungwa, omba yafunguliwe tangu siku iliyotangulia, maana bomba lisilo na maji halivuji, na mtaondoka mkidhani liko salama. Ukiweza kuchagua siku, chagua iliyofuata mvua kubwa.

Ukaguzi wa nyumba ya kawaida huchukua muda wa saa 2 hadi 4. Anayemaliza kwa dakika 40 amefanya matembezi. Uwepo, mfuate nyuma, na kila anaposimama uliza maswali matatu: hiki kimesababishwa na nini, kinaendelea au kimekoma, na nikikiacha mwaka mmoja kitakuwaje?

Nyufa ndizo zinazowatisha wanunuzi kuliko kitu kingine, na mara nyingi wanaogopa zisizo na neno. Vijiufa vyembamba kama unywele, chini ya milimita 1, vilivyosambaa kwenye plasta kama wavu, kwa kawaida ni plasta iliyosinyaa ilipokuwa ikikauka. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari unakutaka uangalie lenta (boriti iliyo juu ya dirisha) na msingi. Ule unaofuata maungio ya matofali kwa mtindo wa ngazi unaonyesha kwamba sehemu moja ya msingi inashuka kuliko nyingine. Ukifika upana wa milimita 5, au ukipitisha kidole ukahisi upande mmoja umejitokeza kuliko wa pili, mwite mhandisi wa miundo kabla hujaendelea na lolote.

Upana wenyewe una habari. Ufa uliotanuka juu na kubana chini mara nyingi humaanisha kwamba mwisho wa ukuta au kona ya nyumba inazama. Uliotanuka chini huashiria kuzama katikati. Umulike ndani kwa tochi: ukiona rangi ya zamani imeingia humo, ufa ulikuwepo nyumba ilipopakwa mara ya mwisho, kingo zikiwa safi na kali, ni wa juzijuzi. Kisha zunguka ukuta uone kama umetokea upande wa pili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyoambiwa, lakini kwenye nyumba inayouzwa ufa uliozibwa wiki iliyopita ndio wa kuhofia zaidi, kwa kuwa umefichiwa upana wake na umri wake. Kwa hiyo tazama milango. Nyumba inayocheza huvuta fremu, mlango ukaanza kukwama, fundi akaitwa kuupiga randa. Funga kila mlango na uangalie nafasi kati ya ubao na fremu kwa juu. Ikiwa upande wa bawaba inapita sarafu na upande wa kitasa kinapita kidole, fremu imepinda. Pitisha mkono juu ya ukingo wa mlango: mbao mbichi isiyo na rangi huenda maana yake umerandwa baada ya kupachikwa. Watu hupaka rangi kuta, na mara chache mtu hukumbuka kupaka ukingo wa juu wa mlango.

Msingi huzama kwa sababu kadhaa: udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, kifusi kisichoshindiliwa, mti mkubwa uliosogea mno, bomba la maji taka linalovuja na kubeba udongo taratibu. Karibu zote zina maji ndani yake. Ndiyo maana mkaguzi mzuri hutumia muda mwingi nje kabla ya kuingia ndani. Ardhi inayozunguka nyumba inapaswa kuteremka kutoka ukutani, takriban sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Gata linalomwaga maji yote ya paa kwenye kona moja ya nyumba linaweza kuichimba kona hiyo kwa miaka mingi, na tiba yake ni bomba fupi la kuyapeleka mbali.

Unyevu wa ukutani unahitaji kutofautishwa, kwani aina zake tatu hufanana machoni lakini gharama zake hazikaribiani. Unaopanda kutoka ardhini huishia kwa kawaida kama mita 1 juu ya sakafu, ukiacha mstari wa chumvichumvi nyeupe na plasta inayobunguka. Huenda hakuna tabaka la kuzuia unyevu ndani ya ukuta kwa chini, au lipo lakini mtu alijaza udongo au kumwaga zege nje mpaka likafunikwa. Nje panatakiwa pawe chini ya tabaka hilo kwa sentimita 15 hivi. Unyevu wa bomba au paa hukaa kama doa popote pale, na ule wa bomba haujali kiangazi. Wa tatu ni mvuke wa ndani, wenye kuleta ukungu mweusi kwenye pembe, nyuma ya makabati na bafuni, na huo mara nyingi hutibiwa kwa madirisha na feni tu. Mkaguzi akikusomea namba kwenye kipimo cha unyevu, usiishie kwenye namba. Chumvi iliyobaki ukutani hupandisha namba hata pale unyevu ulipopungua.

Paa hukaguliwa kwa ndani kwanza. Mkaguzi azime tochi atazame mwanga unapopenya. Aangalie kutu kuzunguka misumari, michirizi ya maji kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), na mbao zilizokatwa. Hili la kukatwa hutokea kuliko unavyofikiri: fundi alihitaji nafasi ya kupitisha bomba au kuweka tangi, akakata mhimili mmoja wa kenchi na kuondoka. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani 1 bila kuhesabu chombo chenyewe, kwa hiyo kama liko juu ya dari uliza limekalia nini. Akiwa huko huko, achome mbao kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, kuna kuoza au mchwa. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani au kwenye nguzo ni vya mchwa, na mchwa waliohama wameacha mbao tupu ndani. Paa au dari ya asbesto visitobolewe wala kuvunjwa ili kuangalia, sababu vumbi lake ndilo lenye madhara. Sampuli ichukuliwe kwa tahadhari na kupimwa maabara, na gharama ya kuiondoa iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Kwenye umeme, kosa baya kuliko yote halionekani mpaka boksi lifunguliwe. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na sakiti breka, swichi inayojikata yenyewe waya ukizidiwa, ya ampea 20. Breka ilikuwa ikikatakata, mtu akachoka, akaweka ya ampea 40, na tangu hapo haikati tena. Haikati kwa kuwa sasa waya ndio unaopata moto kwanza. Kwa hiyo kila breka ilinganishwe na unene wa waya unaotoka kwake. Kifaa cha kulinda watu wasipigwe na umeme, ambacho kwa nyumba huwa cha miliampea 30, kina kitufe cha majaribio; kikibonyezwa lazima kikate. Lakini kukata kwake hakuthibitishi kwamba ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ipo. Ethi hupimwa peke yake, soketi kwa soketi, kwani soketi ya matundu matatu yenye nyaya mbili nyuma yake si kitu cha ajabu katika nyumba za zamani.

Maji hayana ugumu. Funga koki zote, soma mita, subiri nusu saa, soma tena. Ikisogea, kuna panapovuja, pengine chini ya sakafu. Fungua koki ya mbali kabisa pamoja na ya jikoni, vuta choo, uone msukumo unavyoshuka. Maji ya kwanza ya asubuhi yakitoka na rangi ya kutu, mabomba ya chuma yameanza kuliwa ndani. Jaza masinki yote, yaachie kwa pamoja, na mtu asimame kwenye chemba aone maji yanavyopita: yakipanda kabla ya kuondoka, njia imeziba au imezama. Kwa nyumba ya zamani, ukiweza kulipia kamera ya kupitishwa ndani ya bomba la maji taka, lipia.

Mkaguzi havunji ukuta wala kubandua vigae. Hahakiki hati, mipaka wala madeni ya nyumba. Hizo ni kazi za mwanasheria na mpima ardhi. Akiandika mahali fulani "aitwe mtaalamu", msikilize. Akiandika hivyo kila ukurasa, anajikinga yeye.

Ripoti ikija na mambo 60 usipaniki, hata nyumba mpya ina orodha. Anza na yanayoweza kuua: umeme, gesi, kinachoweza kuanguka. Kisha muundo na maji. Yaliyobaki ni matunzo, na kubishania vitasa na vioo kunakupunguzia nguvu kwenye mambo makubwa. Kwa yale mazito, pata makadirio ya mafundi wawili tofauti, uende nayo kwa muuzaji pamoja na picha.

Binafsi naona ni heri upunguziwe bei kuliko muuzaji arekebishe. Anayeondoka hutafuta fundi wa bei ya chini, na doa hufunikwa huku chanzo kikibaki. Asipokubali kupunguza, basi kazi iandikwe kwenye mkataba kwa kutaja chanzo: "kubadilisha kipande cha kukinga maji kati ya paa na ukuta", si "kurekebisha dari". Risiti za vifaa zije kwako, na mkaguzi arudi kuangalia mafundi kabla hawajapiga plasta, si baada ya rangi kukauka. Malipo ya mwisho yasubiri hapo.