Mkuu, rudisha hiyo kopa kwa fundi friji kabla hujauona mteremko wa Kitonga

Mkuu wa Iringa mwenye Land Rover 109 ya 1974, umesema paipu za breki zimeliwa na kutu, fundi friji wa jirani kakukatia paipu ya kopa (shaba) uweke badala yake, na unataka kujua utaipinda vipi bila kuivunja. Usiipinde. Irudishe leo. Akigoma kurudisha hela mwachie, bado utakuwa umepoteza kidogo kuliko mimi.

Yangu ni 109 Series III. Fundi wangu, wa gereji moja hapa Mbeya (simtaji, tunasali kanisa moja), alikuja na wazo hilohilo lako. Kopa aliyoleta ilikuwa ya robo inchi, paipu ya breki ya gari langu ni 3/16 ya inchi, kwa hiyo nati za zamani zikakataa kupita. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye akachukua drili akapanua matundu ya nati, na mimi nimemshikia tochi namsifia kwa ubunifu.

Kisha mdomo wa paipu akautanua mara moja tu kama tarumbeta, kwa mtindo wa friji. Mdomo wa breki wa umbo hilo ukishatanuliwa, ukingo wake unakunjwa tena kwa ndani hadi unakuwa na kuta mbili. Nilipomuuliza akanijibu, "Gari la zamani halitaki mambo mengi, kaka." Nami nikaitikia!

Tulitoa upepo kwenye mafuta ya breki, pedeli ikawa ngumu kama jiwe, nikamnunulia soda.

Wiki ya tatu nateremka kutoka Isongole kwenda Kiwira na magunia 11 ya viazi. Nakanyaga, pedeli inazama hadi sakafuni. Napampu, hamna kitu. Langu lina njia moja tu ya breki, kwa hiyo paipu ikivuja popote magurudumu yote manne yanakosa. Nikavuta handbreki kwa nguvu zote. Sasa, kama hujui, handbreki ya hizi gari haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma. Nikasikia "ta!" Ekseli ya nyuma imekatika. Vyote viwili vinashika magurudumu kupitia ekseli hiyo, kwa hiyo hapo handbreki haina kazi, na gia nayo haizuii tena chochote. Nikachagua kingo ya udongo upande wa mlimani, nikaigonga kwa ubavu. Fenda, rejeta, ekseli, na viazi ambavyo nusu yake viliokotwa na waliokuja kunipa pole.

Paipu nilikuja kuikagua baadaye. Imepasuka shingoni, nyuma tu ya mdomo, kaufa kadogo kama alama ya ukucha. Kopa ikitikiswa sana inakakamaa, ikikakamaa inapasuka, na barabara za mashambani kule zinatikisa hadi meno. Fundi alipoitwa akasema nilikuwa nakanyaga breki kwa nguvu mno. Breki! Nikanyage kwa adabu? Friji halina abiria, halishuki mlima, likivuja maziwa yanachacha basi.

Kwa hiyo: paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, mdomo ufanane kabisa na uliotoka kwenye gari. Chuma ni sawa ila itaota kutu tena. Kopa iliyochanganywa na nikeli haioti kutu na inapindika kwa mkono, hiyo ndiyo niliyoweka sasa. Najua atatokea mtu hapa aseme Uingereza wanafunga kopa tupu. Ndiyo, lakini inauzwa kama paipu ya breki, haikatwi kwenye roli la fundi friji. Na zile paipu zako mbovu usiziuze chuma chakavu kama nilivyofanya mimi. Ndizo kielelezo chako cha urefu, mikunjo na midomo.

Ukimaliza kutoa upepo (anza na gurudumu la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli), funga kipande cha tishu kavu kwenye kila nati, mtu akandamize pedeli dakika kadhaa, kisha chungulia. Tishu ikilowa, gari halitoki.

Uliuliza pia rangi na raba za madirisha. Rangi paka yoyote. Mke wangu hadi leo kabla ya kupanda anauliza, "Kopa ya wapi hii?"

Weka picha ya mdomo wa paipu ya zamani hapa kabla hujakata kitu.