Nimemaliza kifungo: je, cheti cha tabia njema kitaninyima kazi?

Swali: Wakili, mimi ni mkazi wa Mombasa. Mwaka 2019 nilihukumiwa kwa kumwibia mwajiri wangu, nikatumikia kifungo katika gereza la Shimo la Tewa, ambako nilijifunza kuchomelea vyuma na kufaulu mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Karakana moja imeipenda kazi yangu, ila sasa inataka cheti cha tabia njema, kile cha polisi kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya jinai. Nina pia kesi ya zamani iliyokwisha kwa sababu mlalamishi hakufika mahakamani, na deni la benki ambalo halijalipwa tangu nifungwe. Je, rekodi hii inafutika? Nimweleze mwajiri au ninyamaze?

Jibu: Ndugu, uliyoyataja ni mambo matatu, na kila moja lina ofisi yake na utaratibu wake.

Hukumu ya 2019 haifutiki kwa kupita miaka. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayoziondolea hukumu nyingi uzito wake baada ya muda fulani. Kenya hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo kwa watu wazima, na mimi naamini hilo ni pengo linalowaumiza watu ambao tayari wametumikia adhabu yote waliyopewa. Zimebaki njia mbili nyembamba. Ya kwanza ni rufaa, ambayo hukatwa ndani ya siku 14 na, muda ukishapita, huhitaji kibali cha mahakama na sababu nzito. Ya pili ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133 ya Katiba. Usiyasimamishe maisha yako ukisubiri lolote kati ya hayo.

Kesi ya zamani ni tofauti kabisa, na ningekuomba uanzie hapo. Nenda masjala ya mahakama iliyoisikiliza, uombe jalada, usome amri ya mwisho. Ikiwa hakimu alitumia kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, basi uliachiliwa kwa kuonekana huna hatia. Ikiwa upande wa mashtaka uliiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a), hukuhukumiwa, lakini mashtaka yanaweza kurudishwa. Omba nakala ya amri hiyo iliyothibitishwa na mahakama, na kabla hujaondoka dirishani hakikisha ina nambari ya kesi, kifungu kilichotumika, sahihi na muhuri, kwa sababu nakala yenye upungufu itakurudisha safari nzima. Ipeleke Idara ya Upelelezi wa Jinai, inayotoa cheti hicho cha tabia njema, pamoja na kitambulisho chako na barua ya kuomba rekodi isahihishwe. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe, kwa hiyo itaje ibara hiyo katika barua yako.

Kuhusu mwajiri, mweleze, tena kabla hujaomba cheti. Cheti hutolewa kwa kulinganisha alama za vidole, hivyo hukumu itajulikana tu, na akiisoma kwenye karatasi kabla hajaisikia kinywani mwako atahisi umemdanganya. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachokataza ubaguzi kazini, hakikutaja hukumu ya jinai miongoni mwa misingi iliyokatazwa, kwa hiyo ana nafasi ya kukukataa. Hata hivyo ameshaiona kazi yako, na hiyo ni nguvu ambayo wengi hawana. Mwandikie kwa ufupi: "Mwaka 2019 nilihukumiwa kwa wizi nikiwa mwajiriwa. Kifungo nimekimaliza. Ufundi mlioujaribu nilijifunzia gerezani, na niko tayari kuanza kwa muda wa majaribio, katika nafasi isiyohusika na fedha wala stoo." Hayo yanatosha, usijitetee kwa kurasa tatu. Na mtu akikuahidi cheti safi kwa malipo ya pembeni, mkimbie, maana kuwasilisha hati ya kughushi ni kosa jipya la jinai.

Karakana ikikataa, usielekee kwenye ualimu, ulinzi wa kampuni binafsi au udereva wa matatu, ambako cheti hicho ni sharti la usajili au leseni. Elekea jua kali, yaani kwa mafundi wadogo wanaojitegemea, ambako mageti na madirisha hulipwa kwa kazi. Uliza pia ofisi ya probesheni (ya serikali, inayosimamia wakosaji walio nje ya gereza) iliyo karibu nawe, kwa kuwa huwasaidia waliotoka gerezani kurudi katika jamii, na wengine hupata vifaa vya kazi.

Lililobaki ni deni. Mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yaani CRB, hayahifadhi hukumu za jinai; yanahifadhi namna ulivyolipa mikopo, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake moja bila malipo kila mwaka. Ichukue kabla hujaenda benki. Kisha angalia hesabu ya riba: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba kuzidi kiasi cha msingi, yaani mkopo wenyewe bila riba, kilichokuwa kinadaiwa mkopo ulipoacha kulipwa. Kwa mfano, ikiwa msingi uliobaki ulikuwa shilingi 30,000, riba haiwezi kupita 30,000 nyingine, ingawa gharama halali za kudai zinaweza kuongezwa. Pendekeza kwa maandishi kiasi unachokiweza kila mwezi, hata kikiwa kidogo, na ukimaliza dai barua ya kuthibitisha hivyo. Taarifa mbaya hubaki CRB kwa miaka 5 tangu deni lilipwe, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa kuanza kulilipa unaisogeza mbele tarehe ya kusafishwa.