Nyonga imevunjika: mama apumzike au asimame?

SWALI: Mama yetu ana miaka 78. Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Mtaalamu wa mazoezi anataka asimame kila siku. Ndugu wanasema tunamtesa, aachwe apate nguvu kwanza. Mwenzake wa wodini, wa umri huohuo, tayari anatembea na fremu ya kujishikilia. Mbona yeye bado?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Nguvu hazirudi kitandani, huko ndiko zinakoishia. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu.

Umri peke yake hausemi mengi. Swali la maana ni alikuwaje wiki mbili kabla ya kuanguka: alikwenda sokoni mwenyewe, au alishikilia kuta? Wataalamu huangalia dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu usioisha, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa dhaifu, na hupona taratibu. Lakini udhaifu si hukumu. Kama juzi aliinuliwa na watu wawili na leo anatosha mmoja, mwili wake unajirudi. Mpimeni kwa hilo, mwacheni mwenzake wa wodini.

Dawa ya maumivu aliyoandikiwa aimeze nusu saa hadi saa nzima kabla ya mazoezi. Wengi "wanaokataa" kusimama wanaumwa tu. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zikigusa sakafu. Akipata kizunguzungu apimwe presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe: pengine amepungukiwa maji, au dawa zake za presha zinahitaji kupitiwa upya.

Tumieni kiti kigumu chenye mikono, kirefu kiasi kwamba magoti hayapandi juu ya nyonga. Mkeka, kigoda na choo cha kuchuchumaa viachwe hadi daktari aruhusu. Mguu uliopasuliwa uwe mbele kidogo, asukume mikono ya kiti, ainuke. Msimvute kwapani, mtamuumiza bega. Mara tatu hadi tano, apumzike, arudie baadaye.

Chakula ndipo familia nyingi zinapokosea. Chai na mkate havijengi misuli. Mwenye kilo 50 anayeuguza jeraha anahitaji gramu 60 hadi 75 za protini kwa siku. Yai lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Akianza ghafla kuweweseka, au kusinzia kutwa bila kuitika vizuri, msiseme ni uzee. Inaweza kuwa maambukizi, mkojo kuziba, choo kigumu au dawa. Muuguzi ajue saa hiyohiyo.

SWALI: Mkongojo unashikwa mkono gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mkono ulio kinyume na mguu mbovu, na vyote viwili viende mbele pamoja. Mzee akisimama na mikono ikining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mkongojo na mguu mbovu. Mpira wa chini ukilika, badilisheni, la sivyo utateleza kwenye vigae.