Kulwa hesabu zimemkataa, nimlipie tuisheni peke yake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nina mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la tano hapa Igoma, Mwanza. Doto anajiendea vizuri ila Kulwa hesabu zimemkataa kabisa, juzi kaleta kumi na moja kwa hamsini. Jirani ana senta ya tuisheni, jero kwa siku, watoto wanajaa mpaka barazani. Alafu kuna kijana kamaliza fomu siksi anataka elfu arobaini kwa mwezi aje nyumbani. Mi nauza dagaa pale Mwaloni, baba yao yuko kambi ya uvuvi Ukerewe, hela yetu ni ya giza kwa giza, mbalamwezi ikitoka hatuna kitu. Hivi tuisheni inasaidia kweli au ni kula hela za watu tu? Na nikimlipia Kulwa peke yake Doto si ataona namtenga? — Mama Kulwa, Igoma

JIBU: Marahaba mama Kulwa, pole na majukumu. Inasaidia, ila sio kila kitu kinachoitwa tuisheni. Ile ya jirani watoto mpaka barazani ni darasa lingine tu limehamia uani, na Kulwa darasani ameshakaa tangu asubuhi. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa mashuleni, mwalimu ana rundo la madaftari, anapiga mkasi anapita, hana muda wa kukaa na mtoto mmoja amuulize hii umeipataje.

Na swali hilo ndo tuisheni yenyewe. Chukua daftari la Kulwa uangalie hesabu za sehemu. Ukikuta nusu kujumlisha theluthi kaandika mbili ya tano, ujue hajakosea kwa uzembe, ana kanuni yake kichwani, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na atakosea vilevile maswali yote ishirini. Mwalimu aliyekaa nae mezani anamuuliza tu, mbili ya tano na nusu ipi kubwa? Mtoto akichora ataona mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, sasa umeongeza kitu alafu kikapungua, inawezekanaje? Hapo ndo unamwambia habari ya KDS, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu, kwamba ni sita, tatu ya sita na mbili ya sita, jibu tano ya sita, na ataelewa kwanini tunahangaika na asili, zile namba za chini, zilingane. Kwenye senta ataandikiwa kanuni ubaoni akariri, wiki ijayo imetoka.

Kuna mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida tu akifundishwa na mwalimu wake peke yake aliwapita karibu asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa kawaida. Tafiti za baadae hazikupata faida kubwa kiasi hicho ila faida ipo, inaonekana.

Lakini kabla hujatoa hata mia, nenda shule na hilo daftari, muulize mwalimu wa hesabu Kulwa anakaa wapi na kama anaona ubao. Sitanii mama. Wapo watoto wanaitwa wazito kumbe macho, wananakili tatu badala ya nane. Akiwa anakunja uso kusoma mpeleke kliniki ya macho, hospitali ya Bugando wanayo, miwani haihitaji mwalimu wa kuja nyumbani.

Macho yakiwa sawa basi mchukue huyo kijana, fomu siksi wanamaliza mwezi wa tano na vyuo mpaka mwezi wa kumi huko, kwaiyo muda anao. Ila usikubali ya mwezi. Mwambie utamlipa kwa kipindi, siku mbili kwa wiki saa moja moja, inatosha, na mkipatana malipo yafuate giza atakuelewa, Mwanza hii nani hajui dagaa wanavuliwa wakati hakuna mwezi. Kila siku usikubali, mtoto nae anachoka, acheze. Na afundishie sebuleni, mlango wazi, mtu mzima awepo, hata kama ni kijana wa mtaani mnajuana na mama yake. Wiki ya kwanza kaa karibu usikilize, ukiona yeye ndo anaongea muda wote na Kulwa anaitikia ndiyo ndiyo, hapo hela inapotea.

Usipime kwa nafasi ya darasani, kutoka wa sabini mpaka wa sitini haikwambii kitu. Fungua daftari baada ya mwezi uone kosa la zamani kama bado lipo.

Habari ya Doto, kwa kweli mi naona shida sio hela utakayolipa, shida ni yale maneno ya "ona mwenzio", na najua kwenye familia za mapacha hayaishi, shangazi akija anayo, mjomba anayo. Yakome kwanza. Alafu mwambie Doto wazi kwamba Kulwa anasaidiwa hesabu, na wewe ukikwama kwenye chochote utasaidiwa. Mpe na yeye chake, hata kitabu cha hadithi. Ila usimfanye mwalimu wa Kulwa, watapigana.

SWALI: Mwalimu habari. Binti yangu kamaliza la saba mwezi wa tisa, yuko nyumbani mpaka Januari. Watu wananiambia nimpeleke pri fomu wani, yale masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Kuna haja? — Baba wa Sengerema

JIBU: Salama baba. Kama wanakimbiza silabasi ya kidato cha kwanza ili akafike anajua, acha. Shida yake itakuwa Kiingereza, miaka saba kasoma kwa Kiswahili na Januari baiolojia na jiografia zote zinageuka. Ukipata mtu wa kusoma nae Kiingereza, anasoma kwa sauti, anaelezea alichosoma, anaandika sentensi zake mwenyewe, hapo lipa. Muulize mwenye senta swali moja tu, watoto wanasoma vitabu gani? Akikuonyesha notsi za kunakili, rudi na binti yako nyumbani.