Pombe yako ya kwanza ikigoma kuchacha, usiimwage

Jamani kama umepika bia nyumbani mara ya kwanza na leo ni siku ya tatu unaangalia ndoo iko kimya kabisa, tafadhali usimwage, nisikilize kwanza. Mimi niko Kabale, huku Uganda, na lita 20 zangu za kwanza zilibaki kidogo tu ziende mtaroni.

Ilikuwa hivi, binamu yangu aliniletea kutoka Nairobi shira ya kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na pakiti ya hamira ya bia gramu 11. Nikapika Jumamosi, nikapoza, haidromita (kipimo kinachoelea, kinaonyesha sukari iliyomo, hamira ikiila namba inashuka) ikasoma 1.046, nikatia hamira nikafunga ndoo na kamrija kanakoingia kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Jumapili kimya. Jumatatu kimya. Jumanne nilishashika hamira ya mkate mkononi, nataka kuongeza.

Aliyeniokoa ni mama jirani, anapika omuramba, pombe ya mtama ya huku kwetu, miaka mingi. Akaniambia mwanangu, kabla hujaongeza kitu fungua uone. Kufungua hivi, pembeni ya ndoo kuna alama ya povu lililokauka, pete ya kahawia imezunguka ndoo nzima, kumbe ilikuwa inachacha siku zote hizo, ni kifuniko tu hakikubana na gesi ilipitia hapo! Kwa hiyo mapovu ya kwenye chupa yasikudanganye, pima. Nikapima, 1.022.

Siku mbili baadaye, bado 1.022. Hapo sasa ndo palikuwa na shida yenyewe, maana bia ya aina ile ilitakiwa ishuke mpaka karibu 1.012, sukari nyingi bado imo. Pakiti ilisema hamira inataka nyuzi 18 mpaka 22, na huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu, mwezi wa saba usiku baridi inauma kweli, halafu ndoo niliiweka chini kwenye simenti. Kutia termomita, nyuzi 14. Hamira haijafa, imelala tu imezama chini.

Nikainua ndoo juu ya mbao, nikaivika blanketi mbili, nikaihamishia jikoni ambako sigiri inawaka asubuhi na jioni, na nikaitikisa polepole bila kufungua ili hamira ipande tena. Usikoroge kwa nguvu, hewa ikiingia wakati huo bia inaharibika ladha. Siku ya tatu ikasoma 1.012. Nikangoja siku tatu zingine, ni 1.012 hiyohiyo, basi nikajua imeisha.

Nyie wa Kampala mara nyingi tatizo ni joto. Chumba cha mabati mchana kinafika nyuzi 30 na hamira inakimbia mno, bia inanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi au hata rangi ya kucha. Weka ndoo kwenye beseni la maji, funika na taulo lililolowa, hasa siku tatu za mwanzo.

Harufu zisikutishe zote. Ya mayai mabovu huwa inapotea yenyewe, ya siagi ukiiacha mahali pa joto kidogo siku mbili tatu hamira inaisafisha. Ila ikinuka siki, hiyo haitengenezeki, na harufu ya dawa ya hospitali mara nyingi ni jiki haikusuuzwa vizuri. Na kama unatumia maji ya bomba chemsha usiku uliotangulia, klorini itoke.

Kingine, usipime maji ya kimea, yaani bia kabla ya kutia hamira, yakiwa bado moto, haidromita nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20 na kwenye joto itakusomea chini kuliko ukweli.

Kwenye chupa ndo naomba sana muwe waangalifu. Ningejaza zile za kioo siku ile iko 1.022 zingepasuka, na kioo kinachopasuka kwa gesi kinaweza kumtoa mtu jicho. Mpaka isome namba ileile siku tatu, ndo unatia sukari ya kuipa gesi, gramu 6 kwa kila lita, usipime kwa macho. Mimi huwa najaza na chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za kioo, kila siku naibonyeza, ikishakuwa ngumu haibonyeki tena najua na zingine zimejaa gesi, nazihamishia zote mahali pa baridi.