Msifungie mafaili stoo: hesabu kulingana si sawa na taarifa kuhama

Mleta mada, hapo ulipoandika "Ijumaa tunafungia mafaili yote stoo, Jumatatu tunaanza na mfumo mpya", yaani hospitali yenu inahamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka makaratasi kwenda kompyuta, nilirudi juu kusoma tena nikidhani macho yamenidanganya. Msithubutu. Najua umeuliza mengi: faida na hatari za teknolojia hospitalini, seva (kompyuta kuu ya kutunza taarifa) yenu wenyewe au ya kukodi, na namna ya kuwafundisha wauguzi wakongwe. Tutayafikia. Hili kwanza.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kitengo cha kumbukumbu siku hospitali yetu ilipoachana na makaratasi. Tulikuwa na mafaili, pamoja na programu moja ya kizee ya kusajili wagonjwa. Kampuni ya mfumo mpya ikamleta kijana mmoja, fundi wa maneno, akatuwekea ripoti mezani: rekodi za zamani idadi hii, rekodi zilizohama idadi hiyohiyo, zimelingana hadi ya mwisho. "Asilimia mia, bosi." Nikatia saini. Saini nzuri kweli, ningejua ningeiharibu kidogo.

Alichokuwa amehesabu ni mistari. Hakuna aliyefungua mstari hata mmoja kuona umebeba nini. Kwenye ile programu ya kizee, makarani walikuwa wakiandika mzio wa dawa ndani ya kisanduku cha maelezo, umechanganywa na habari nyingine zote: anaishi na bibi yake, penisilini inamdhuru, aliwahi kuvunjika mguu. Mfumo mpya una sehemu maalumu ya mzio. Basi maelezo yakahamia kwenye maelezo, kama yalivyoagizwa, na sehemu ya mzio ikabaki tupu. Na mfumo ule ukikuta sehemu tupu ulikuwa unaandika juu ya skrini, kwa rangi ya kijani: "Hana mzio."

Haukuandika "haijajazwa". Haukuandika "muulize mgonjwa". Ulitoa hukumu, tena kwa kijani, ile rangi ya pita tu.

Usiku mmoja akaletwa mama mwenye maambukizi mabaya, hajiwezi hata kuongea. Daktari wa zamu alikuwa mgeni, akaona kijani, akaandika penisilini. Mfamasia akaona kijani, akatoa. Nesi akaona kijani, akachoma. Hapo ndipo watu hawaelewi hatari ya hivi vitu: ukitazama juujuu utasema dozi ile imepita mikononi mwa wakaguzi watatu, kumbe wote watatu wamesoma kisanduku kimoja, na kila mmoja anaamini mwenzake ameshachunguza. Midomo ikavimba, pumzi ikakata. Alipona kwa sababu nesi yule alikuwa na adrenalini jirani na hakusubiri mfumo umpe ruhusa. Mungu amlinde, mimi hadi leo nikimwona nampisha njia.

Binti wa yule mama akaniuliza, "Si mliandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili?" Tuliandika. Jalada lilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu.

Asubuhi nikawapigia kampuni. Unajua jibu? "Mfumo umefanya kazi kama ulivyosanifiwa." Kijana wa asilimia mia alishahamia kwa mteja mwingine, huko nako bila shaka wanatia saini. Nikauliza nani aliamua kwamba tupu maana yake hana. Wakasema ni mpangilio wa awali, tungeweza kuubadilisha tangu mwanzo, upo kwenye mwongozo. Mwongozo wenyewe ukimwangukia mtu ni kesi ya polisi. Nimekasirika tena hapa ninapoandika.

Msidhani ni ushamba wetu tu. Mwaka 2013, hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilimpa kijana wa miaka 16 vidonge 38 na nusu vya kiuavijasumu badala ya kimoja. Daktari alitaka miligramu 160, lakini kisanduku cha dozi kwenye kompyuta kilikuwa kinahesabu miligramu kwa kila kilo ya uzito, na kijana alikuwa na kilo zaidi ya 38. Tahadhari ilitokea kwenye skrini ikafungwa, kwa sababu tahadhari hutokea kutwa nzima hadi macho yanazizoea. Na kifaa cha kusoma msimbo wa mistari ulio kwenye dawa, kando ya kitanda, ambacho ndicho kinasifiwa kila mahali, kilimthibitishia nesi kwamba ni sawa: ndivyo vilivyoagizwa. Kijana alipata degedege, akanusurika.

Na wewe wa wikiendi moja, isome hii taratibu. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh iliweka mfumo wa kuagiza dawa kwa kompyuta hospitali nzima ndani ya siku 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliohamishiwa pale kwa matibabu maalumu vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Zamani mtoto akiwa bado njiani dawa zilishaandaliwa. Baada ya mfumo, hakuna agizo hadi afike na asajiliwe. Hospitali ya watoto ya Seattle ikaja kutumia programu hiyohiyo kwa maandalizi tofauti, na vifo havikupanda. Kwa hiyo ukiniuliza kama teknolojia ina faida au hatari, nitakuuliza mnaiingiza vipi.

Fanyeni hivi, na kama hamtafanya kingine chochote mfanye hili. Kabla ya kugusa kufuli ya stoo, chagueni mafaili korofi: manene kuliko yote, yenye wino mwekundu, ya watoto, ya wagonjwa waliofanana majina, ya wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Daktari, mfamasia na nesi wakae, faili limefunguliwa kando ya skrini, wasome mstari kwa mstari. Kampuni isiwepo chumbani, watakutafsirieni. Likipatikana kosa la aina moja, jueni limo kwenye mamia mengine, mrudi nyuma mrekebishe, muanze upya. Na jalada la faili libaki wodini hadi daktari aseme kwa mdomo wake kwamba halihitaji tena.

Faida zipo, sikatai. Mwandiko unasomeka, majibu ya maabara hayapotei, faili halitafutwi nusu saa. Kuhusu udukuzi, someni ya Mei 2017, WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilipofunga kompyuta za hospitali Uingereza na maelfu ya miadi ikafutwa. Muwe na bakapu, yaani nakala ya akiba ya taarifa zote, iliyochomolewa kwenye mtandao. Seva za kukodi sizijui vizuri, wadau wa mitandao watakujibu. Wauguzi wakongwe waacheni, wale ndio watakaogundua kosa kabla yenu.

Kesho ukifika kazini, sajili mgonjwa wa bandia kwenye mfumo wa majaribio. Sehemu ya mzio usiiguse. Muandikie penisilini, kisha urudi hapa utuambie skrini imeandika nini.